Kuwaheshimu Wanavyuoni Waliotutangulia

Liko swali moja linalomkabili kila mtu anayetafuta ukweli kwa dhati. Swali lenyewe ni hili: Mtu akigundua kwamba mwanachuoni mkubwa wa zamani alikosea katika jambo fulani, afanye nini? Akinyamaza, ameuficha ukweli. Akisema, huambiwa kwamba hana adabu na kwamba anajiona bora kuliko wakubwa waliomtangulia. Wala hili si swali la darasani peke yake. Limewatenga wana na baba zao, na wanafunzi na walimu wao. Wengi wanaoanza kuchunguza mambo ya dini husikia maneno ya namna hii nyumbani mwao wenyewe: "Wazee wetu walisoma, wakafundisha mpaka wakafa. Wewe ni nani hata uulize lililokwisha kuamuliwa nao?"

Watu wamegawanyika makundi mawili katika jambo hili. Kundi la kwanza husema kwamba watu wa kale walikwisha kumaliza kila kitu, na kazi yetu sisi ni kuhifadhi na kurudia tu. Kundi la pili, hasa miongoni mwa vijana waliosoma shule, husema kwamba watu wa kale walikuwa gizani, na elimu ya kweli imeanza juzi. Tukichunguza vizuri tutaona kwamba makundi haya mawili, ingawa yanapingana, yanashiriki kosa moja: yote mawili hayaisomi kazi ya waliotangulia. La kwanza hukibusu kitabu na kukirudisha rafuni bila kukifungua, na la pili hukitupa bila kukifungua.

Katika makala haya twataka kuonyesha kwamba kumheshimu mwanachuoni aliyetangulia ni kuichukua kazi yake kwa uzito hata kuipima. Kulishika lililo sahihi kwa shukrani, na kulisahihisha lililokosewa kwa adabu. Hii si desturi ya watu wa Ulaya wala si uzushi wa zama hizi. Ndiyo njia ambayo elimu imepita tangu zamani, na Waislamu wa kale ni miongoni mwa watu walioijua vizuri kabisa.

Jicho Laonaje?

Badala ya kutaja mifano mingi juu juu, na tuchukue mmoja tuutazame mpaka mwisho. Mtu akifungua macho yake huuona mti, nyumba na nyota. Jambo hili latokeaje? Je, kuna kitu kinachotoka katika jicho kwenda kuugusa mti, au kuna kitu kinachotoka kwenye mti kuja katika jicho? Leo hata mtoto wa shule atajibu bila kusita kwamba nuru ndiyo inayoingia katika jicho. Lakini jibu hili fupi liliwagharimu wanadamu karibu miaka elfu mbili, na hakuna mtu mmoja anayeweza kusema, "Jibu hili ni langu peke yangu."

Kiasi cha miaka 300 kabla ya Nabii Isa a.s., huko Alexandria katika nchi ya Misri, Euclid alifundisha kwamba miale hutoka katika jicho, ikaenda kwa mstari ulionyooka hata ikavigusa vitu. Katika karne ya pili baada ya Isa a.s., Ptolemy wa mji uo huo alishika rai iyo hiyo, lakini akaongeza kazi kubwa: alipima kwa chombo jinsi miale inavyopinda inapopita kutoka hewani kuingia majini au katika kioo. Katika karne iyo hiyo tabibu Galen alipasua macho ya wanyama akaeleza tabaka zake na mshipa wa fahamu unaoliunganisha jicho na ubongo. Na kabla ya hao wawili, Aristotle alikuwa amekwisha kukataa kwamba kuona kwaletwa na kitu kitokacho machoni.

Basi wakubwa hawa wa Kiyunani hawakupatana. Waliojua hesabu ya mistari na pembe walikuwa na miale inayotoka jichoni. Waliojua tabia za vitu walisema kwamba jicho hupokea. Na waliojua mwili walieleza jicho lilivyoumbwa. Kila mmoja alikuwa na kipande cha kweli mkononi, na kila mmoja alikuwa na kosa pamoja nacho. Lau mtu angesema, "Mimi namfuata Euclid tu," angelipata jometri yake nzuri na kosa lake pamoja. Lau mtu angesema, "Euclid alikosea, basi namtupa," angelitupa kosa pamoja na jometri ile ambayo bila yake swali hili lisingalijibiwa hata leo.

Waliobeba Elimu Hata Ikafika

Vitabu havitembei vyenyewe. Kazi ya Wayunani ingaliweza kupotea kabisa kama wasingalitokea watu wa kuitafuta na kuitafsiri. Katika karne ya tisa, mjini Baghdad, mmoja wao mashuhuri alikuwa Hunayn ibn Ishaq, tabibu Mkristo mwenyeji wa al-Hira, aliyefariki mwaka 873. Yeye hakutosheka kutafsiri nakala yoyote iliyomwangukia mkononi. Alikusanya nakala nyingi za kitabu kimoja, akazilinganisha, akasahihisha maneno, ndipo akatafsiri. Ameeleza mwenyewe jinsi alivyokitafuta kitabu kimoja cha Galen katika nchi za Iraki, Sham, Palestina na Misri mpaka Alexandria, asikipate, ila kiasi cha nusu yake tu katika mji wa Damascus. Yatupasa tufikiri: mtu anasafiri nchi baada ya nchi kwa ajili ya kitabu cha mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia sita nyuma, asiyekuwa wa kabila lake, na arudi na nusu tu! Huyo ndiye aliyewaheshimu waliotangulia.

Katika mji huo huo na zama hizo hizo aliishi al-Kindi, mwanafalsafa Mwislamu wa Kiarabu. Al-Kindi alifundisha kwamba haifai mtu kuona haya kuipokea kweli popote itokako, hata ikiwa imetoka kwa mataifa ya mbali yaliyo tofauti nasi, kwani kweli haimdhalilishi anayeipokea. Tena alisema kwamba tunapaswa kuwashukuru hata wale waliotuletea sehemu ndogo tu ya kweli, maana bila wao tusingaliweza, katika umri wetu mfupi, kukusanya yale ambayo karne nyingi zimeyakusanya. Sisi Waswahili tunasema haba na haba hujaza kibaba. Lakini mara nyingi tunakitazama kibaba kilichojaa tukawasahau waliotia chembe za kwanza.

Na al-Kindi alifanya alivyosema. Katika elimu ya kuona alikubali kwamba miale hutoka jichoni, kama alivyosema Euclid, lakini aliyapima maelezo ya Euclid moja moja na kuyakosoa yale aliyoyaona ni dhaifu. Shukrani yake haikumfunga mdomo, na ukosoaji wake haukuifuta shukrani yake.

Mtu Aliyenakili kwa Mkono Wake

Sasa tumfikie mtu ambaye kwa mfano wake twaweza kulielewa jambo letu lote. Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra karibu na mwaka 965 akafariki Cairo karibu na mwaka 1040. Walioandika habari za maisha yake wanasimulia kwamba huko Cairo alijipatia riziki kwa kunakili vitabu vya Euclid na Ptolemy kwa mkono wake na kuviuza. Hakuwasikia wakubwa hao kwa mbali tu, bali alizipitisha kazi zao katika kalamu yake neno kwa neno.

Na mtu huyu ndiye aliyeandika kitabu kizima kueleza shaka zake juu ya Ptolemy. Katika kitabu hicho anafundisha kwamba mtafutaji wa kweli si yule anayesoma vitabu vya watu wa kale na kuwaamini kwa mazoea. Mtafutaji wa kweli ni yule anayeituhumu imani yake juu yao, akafuata hoja na dalili, kwa kuwa wanavyuoni ni wanadamu, na mwanadamu hakuepushwa na upungufu. Wala hakuishia hapo. Anaongeza kwamba mtu huyo huyo anayewapima wengine hana budi kujituhumu na nafsi yake pia, asije akaingia katika chuki wala katika ulegevu. Hili la pili ndilo wengi wetu tunalolisahau. Ni rahisi sana kumshuku mtu aliyekufa. Ni vigumu kuishuku akili yako mwenyewe wakati ule ule unapofurahi kwamba umemkamata katika kosa.

Katika kitabu chake kikubwa juu ya elimu ya kuona, Kitab al-Manazir, chenye sehemu saba, aliligeuza swali lile la kale. Alianza na mambo ambayo kila mtu aweza kuyajaribu. Mtu akilitazama jua, jicho lake huuma. Akitazama mwanga mkali kisha akageukia mahali penye kivuli, athari ya ule mwanga hubaki machoni kwa kitambo. Basi nuru yatenda kazi juu ya jicho. Jicho hupokea athari kutoka nje. Kisha alijaribu njia ya nuru kwa taa na kwa chumba chenye giza kilichoachiwa tundu dogo, akaonyesha kwamba nuru hupita kwa mstari ulionyooka.

Lakini angalia alivyofanya na kazi ya wakubwa wake. Kwa Euclid na Ptolemy alichukua mistari na pembe zao zote, ila akaugeuza mwendo: miale haitoki jichoni, bali nuru hutoka katika kila nukta ya kitu kinachoonekana ikaja jichoni. Kwa Galen alichukua maelezo ya tabaka za jicho. Kwa wale waliojua tabia za vitu alichukua fundisho kwamba jicho hupokea. Vipande vilivyokuwa vinagombana kwa zaidi ya miaka elfu moja akavifanya nyumba moja. Nyumba ilikuwa yake. Mawe mengi yalikuwa yao. Asingaliweza kuijenga kwa kuwafuata bila kuuliza, wala asingaliweza kuijenga kwa kuwadharau.

Naye Pia Akasahihishwa

Pengine mtu atadhani kwamba baada ya hapo kazi ilikwisha. La. Ibn al-Haytham naye aliacha kosa. Alipomfuata Galen katika habari za jicho, alimfuata pia katika rai kwamba sehemu inayohisi nuru ni ile iliyo angavu kama kioo, ambayo leo twaiita lenzi. Mtu aliyetufundisha kuishuku imani yetu juu ya watu wa kale alibaki na imani moja ya kale isiyopimwa. Hatusemi haya kumdharau. Twayasema kwa sababu yanathibitisha maneno yake mwenyewe kuliko sifa zozote tunazoweza kumpa.

Waliomfuata walimtendea kama yeye alivyowatendea wengine. Katika Uajemi, Kamal al-Din al-Farisi, aliyezaliwa mwaka 1267, aliposhughulika na matatizo ya elimu ya nuru, mwalimu wake Qutb al-Din al-Shirazi ndiye aliyemtafutia kile kitabu cha Ibn al-Haytham. Kamal al-Din akakisoma, akakiandikia sherehe ndefu, na katika maelezo ya upinde wa mvua akahitilafiana nacho. Alichukua tufe la kioo akalijaza maji liwe mfano wa tone kubwa la mvua, akaufuata mwanga ndani yake: unapinda unapoingia, unarudishwa ndani, na unapinda tena unapotoka. Karibu na wakati ule ule, katika Ulaya, mtawa Mkristo wa Kijerumani aitwaye Theodoric wa Freiberg alifikia maelezo ya namna ile ile kwa majaribio yanayofanana. Haijulikani kwamba mmoja alipata habari za mwenziwe. Kilichowaunganisha ni kwamba kazi ya Ibn al-Haytham ilikuwa imefika huku na huku.

Kwani karibu na mwaka 1200 Kitab al-Manazir kilikuwa kimetafsiriwa kwa Kilatini. Katika karne ya kumi na tatu mwanachuoni wa Poland, Witelo, aliandika kitabu kikubwa kilichotegemea sana kazi hiyo, na mwaka 1572 vitabu vyote viwili vilipigwa chapa pamoja katika mji wa Basel. Mwaka 1604 Johannes Kepler alionyesha kwamba lenzi haihisi nuru, bali huikusanya tu, na kwamba picha ya kitu huangukia juu ya utando ulio nyuma ya jicho, uitwao retina, hali imepinduliwa juu chini. Hivyo kosa lililotoka kwa Galen likasahihishwa baada ya karne kumi na nne. Na Kepler alikiitaje kitabu chake? Hakukiita ushindi juu ya watu wa kale. Alikiita nyongeza kwa Witelo.

Mwingereza Isaac Newton, ambaye naye alifanya kazi kubwa katika elimu ya nuru, aliandika katika barua moja kwamba ikiwa ameona mbali zaidi, ni kwa sababu alisimama juu ya mabega ya majitu. Watu wengi humsifu kwa maneno hayo. Lakini hata mfano huo haukuwa wake. Zaidi ya miaka mia tano kabla yake ulikuwa umekwisha kutumiwa na mwalimu wa Kifaransa, Bernard wa Chartres. Basi hata alipotaka kukiri deni lake, Newton alikiri kwa maneno ya kuazima!

Je, Katika Dini Ni Vivyo Hivyo?

Pengine msomaji atasema: "Hayo ni mambo ya macho na vioo. Dini ni jambo jingine. Dini imetoka kwa Mwenyezi Mungu, nayo haisahihishwi."

Jawabu lake ni kwamba hoja hii ni kweli nusu. Neno la Mwenyezi Mungu halisahihishwi na mwanadamu. Lakini Neno la Mungu ni jambo moja, na ufahamu wa mwanachuoni juu ya Neno hilo ni jambo jingine. La kwanza latoka kwa Mjuzi wa yote. La pili latoka kwa mtu anayeweza kuchoka, kusahau na kukosa habari. Mwenye kuyachanganya mawili haya hafikirii kwamba anampandisha mwanachuoni daraja asiyopewa, wala kwamba mwanachuoni mwenyewe angelikataa daraja hiyo.

Na tuwaangalie maimamu wakubwa wa fikihi. Waislamu wengi wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, kwa karne nyingi, wamefuata madhehebu ya Imamu Shafi'i, aliyefariki Misri mwaka 820. Imamu huyu alikuwa nani? Alikuwa mwanafunzi wa Imamu Malik huko Madina, aliyekisoma kitabu cha mwalimu wake, Muwatta, mpaka akakihifadhi moyoni. Na pamoja na hayo alihitilafiana na mwalimu wake katika mambo ya msingi, akaandika hoja zake waziwazi. Kisha alipohamia Misri alizibadili nyingi katika rai zake mwenyewe alizozitoa Iraki, hata wanafunzi wa fikihi mpaka leo husema juu ya kauli yake ya zamani na kauli yake mpya. Mwanafunzi wake al-Muzani, alipozikusanya rai za mwalimu wake katika kitabu, alieleza mwanzoni kabisa kwamba Shafi'i mwenyewe amekataza watu kumfuata yeye au mwingine bila kutazama dalili. Vivyo hivyo Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani walihitilafiana na mwalimu wao Abu Hanifa katika masuala mengi, na hakuna aliyesema kwamba wamemwasi.

Basi anayesema, "Mimi ni mfuasi wa Shafi'i, kwa hiyo siulizi," hajamfuata Shafi'i. Amefuata jina lake akaiacha njia yake.

Kurani Tukufu yenyewe inawalaumu wale ambao, wakiitwa kuyafuata aliyoyateremsha Mwenyezi Mungu, hujibu kwamba wao watayafuata yale tu waliyowakuta nayo baba zao. Tena yatukataza kuyafuata tusiyokuwa na elimu nayo, kwa kuwa sikio, jicho na moyo, vyote vitaulizwa. Halisemwi hapo kwamba sikio la baba yako litaulizwa kwa niaba yako. Na Mtume Mtukufu s.a.w. mwenyewe, aliyepewa elimu asiyopewa mwingine, alifundishwa kumwomba Mola wake amzidishie elimu. Ikiwa yeye aliamriwa kuomba nyongeza, ni nani baada yake awezaye kusema kwamba elimu imekwisha kwake au kwa mwalimu wake?

Swali la Pili

Lakini liko swali jingine, nalo hutoka upande wa pili. Mtu atasema: "Ikiwa wakubwa hawa walikosea, kwa nini nijitaabishe kuwasoma? Si afadhali nitumie akili yangu mwenyewe?"

Na ajaribu. Na asahau hesabu aliyofundishwa, na herufi anazosomea, na hata maneno elimu, hesabu, kitabu na kalamu, ambayo lugha yetu ya Kiswahili iliyapokea kwa Waarabu. Atakuta kwamba akili yake mwenyewe imejaa mali ya watu wengine. Hata kosa analolicheka limemfikia likiwa limekwisha kusahihishwa na watu waliolisoma kwa taabu. Wazee wanasema jungu kuu halikosi ukoko. Lakini ukoko haupatikani kwa kulisifu jungu, wala kwa kulipiga teke. Hupatikana kwa kuinama na kukwangua.

Wala makosa ya wakubwa si hasara tupu. Euclid aliposema waziwazi, kwa mistari na pembe, kwamba miale hutoka jichoni, alilifanya kosa lake liweze kuonekana na kupimwa. Mtu asemaye jambo kwa utata na uficho hawezi kusahihishwa, na kwa hiyo hawezi kumsaidia yeyote. Mwanachuoni mkweli hutuachia rai zake pamoja na dalili zake, na hivyo hutupa sisi wenyewe mizani ya kumpimia. Huo ni ukarimu mkubwa.

Wajibu Wetu

Basi kutokana na hayo tuliyoyaeleza, naona yatupasa mambo matatu.

Kwanza, tuwataje. Mtu anayetumia kazi ya mwenziwe bila kumtaja ni kama anayekaa katika nyumba ya kurithi akadai ameijenga yeye. Katika elimu ya Hadithi Waislamu walilifanya jambo hili kuwa sharti: habari haikupokelewa mpaka ijulikane nani kaipokea kwa nani. Kutaja ni uaminifu kwa wafu, na tena ni msaada kwa walio hai, maana humwonyesha msomaji mlango wa kwenda kuhakikisha mwenyewe.

Pili, tuwapime. Tupime kwa dalili, si kwa hasira. Na tujipime sisi kabla ya wao. Kijana anayemkosoa mzee aulize nafsi yake: Je, nimekisoma alichoandika mpaka mwisho? Je, naweza kuieleza hoja yake hivi kwamba yeye mwenyewe, kama angalikuwapo, angalisema, "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyokusudia"? Asiyeweza hilo hajafikia bado daraja ya kukosoa. Na mzee anayekosolewa naye aulize nafsi yake: Je, naitetea kweli, au naitetea heshima yangu?

Tatu, tuwape wengine. Elimu inayofungiwa hukoma. Marehemu Profesa Abdus Salam, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1979 pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg, alilijua jambo hili kwa uchungu. Aliporudi kwao Pakistan mwaka 1951 kufundisha huko Lahore, alijikuta ametengwa na wenziwe wa fani yake na kazi zao mpya, hata akalazimika mwaka 1954 kurudi Uingereza. Mwaka 1964 alianzisha mjini Trieste, Italia, kituo cha kimataifa cha fizikia, ili wanavyuoni wa nchi maskini waweze kukutana na wenzao na kupata kazi zao bila kulazimika kuzihama nchi zao. Na ile kazi yenyewe iliyompatia tuzo ilikuwa ni kuunganisha nguvu mbili za maumbile chini ya kanuni moja, kama James Clerk Maxwell alivyounganisha umeme na sumaku katika karne ya kumi na tisa, akijenga juu ya majaribio ya Michael Faraday. Salam alijua kwamba akili peke yake haitoshi. Lazima mtu aifikie kazi ya waliomtangulia. Hunayn alitembea mpaka Alexandria kutafuta kitabu. Salam alijenga nyumba ili wengine wasihangaike kama yeye.

Neno la mwisho ni kwako, ndugu msomaji, wewe unayechunguza na kuambiwa nyumbani kwamba unawadharau wazee wako. Usiwajibu wazee kwa ukali. Wengi wao wanaihofia amana waliyopewa, na kuihofia amana si dhambi. Lakini wala usiache kuuliza. Kumbuka dua tuliyofundishwa katika Sura Al-Hashr, ya kuomba msamaha kwa ajili yetu na kwa ajili ya ndugu zetu waliotutangulia katika imani, na kuomba kwamba mioyoni mwetu isiwemo chuki juu yao. Ifikirie dua hiyo. Anayeombewa msamaha ni mtu aliyeweza kukosea. Kama asingaliweza, msamaha wa nini? Na anayeombewa bila chuki ni mtu anayependwa. Mambo haya mawili yamekusanywa katika dua moja, nasi hatuna ruhusa ya kuyatenga.

Na siku moja sisi nasi tutakuwa waliotangulia. Watakuja watu watakaoyasoma tuliyoyaandika na kuona tulipokosea. Tunatamani watutendee nini? Hatutamani wayafiche makosa yetu hata yawapoteze watoto wao, wala hatutamani watutukane. Tunatamani wachukue lililo sahihi, waliache lililo kosa, kisha watuombee. Basi na tuwatendee hivyo waliotutangulia.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu, atupe macho ya kuiona kweli na adabu ya kuisema, na awalipe mema wote waliotufikishia hata chembe yake. Amin.